Wasovieti Katika Shamba la Mpunga Mbingu

Niliondoka nyumbani Lipangalala, Ifakara, kwa sababu moja: nilichoka kusoma peke yangu. Mimi ni mtahiniwa binafsi wa kidato cha sita. Mwalimu wangu ni mimi mwenyewe, na haridhiki na chochote. Kundi la wanafunzi wa kijiji cha Mbingu lilinialika niwafundishe mada ya Urusi. Walisema nikifundisha vizuri, nitasoma nao hadi mtihani.

Asubuhi nilipanda bodaboda. Njia nzima hadi Idete nilikariri sababu za mapinduzi, mpaka dereva akauliza, "Dada, unaumwa?"

Kufika Mbingu, mwenyeji wangu Frola alinipeleka moja kwa moja shambani kwa mama yake, maana mpunga umeiva na asiyelinda ndege havuni. Kundi zima lilikuwa limekaa juu ya dungu, jukwaa la kulindia ndege. Kamba yenye makopo ilitoka hapo hadi mwisho wa shamba. Ukiivuta, ndege wanaruka.

"Karibu, komredi wa Ifakara," alisema Kassimu, kiongozi wao, mwenye ndevu chache zinazosubiri mapinduzi. "Hapa kamba ni ya wote. Kila mtu anavuta."

Nikaanza. Nilieleza wakulima walivyolazimishwa kuingia mashamba ya pamoja, na maofisa walivyoripoti mavuno mazuri huku watu wanakufa njaa. "Waoga wakubwa!" nilisema.

"Wakulima nao walichinja ng'ombe wao makusudi," Kassimu alinikatiza.

"Wewe ungewapa ng'ombe wako?"

"Mimi ningechinja mpaka jogoo," alisema Frola.

Tulicheka, tukabishana, tukapiga kelele. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na wenzangu.

Kamba aliivuta nani? Kila mmoja alidhani mwenzake. Tulipogeuka, kona nzima ilikuwa mabua matupu, na kweleakwelea wameshiba hata kuruka hawataki.

Mchana mama yake Frola alitokea na sufuria ya wali kichwani. Kassimu akanong'ona, "Tunasema wachache tu. Tumeelewana?" Wote wakaitikia kwa kichwa, hata Frola.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndege vipi?"

"Wachache tu, mama," alisema Kassimu.

Mama akanigeukia. "Eti, mgeni?"

Nilinyoosha kidole. "Wamemaliza kona ile yote, mama."

Aliitua sufuria. "Na wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Urusi."

"Haya. Mwezi wa kumi na mbili, mpunga ukiisha, tukale hukohuko Urusi."

Jioni, nikirudi nyumbani, kabla sijafika Idete, simu ilinionyesha kwamba Kassimu amenitoa kwenye kundi la WhatsApp. Frola aliniandikia pembeni: "Mama amenifokea mpaka majirani wamesikia. Usirudi."

Sasa nasoma peke yangu tena. Zamani nilijiuliza kwa nini ofisa mmoja hakusimama tu akasema ukweli, kana kwamba ni suala la adabu. Mimi niliusema, nikapoteza kundi. Yeye angepoteza shingo. Bado nawaita waoga. Ila nikiwaita, nashusha sauti.