Sista Kadi na Andalio la Babu Desimali

Waumini wapendwa, na ninyi mnaokuja Krismasi tu: simameni kwa heshima. Katika ukumbi wa parokia, wenye viti vya plastiki na feni moja iliyokwisha kukata tamaa, mtawa mmoja mfupi ametangaza habari kubwa. Watoto hawafanani.

Mama yeyote wa watoto sita angemwambia bure. Lakini Sista alilisomea jambo hilo miaka miwili, akarudi na begi la kadi za rangi, na walimu wa shule za Kanisa wakambatiza upya: Sista Kadi. Kijani kwa mtoto anayekimbia, njano kwa anayetembea, bluu kwa anayehitaji kushikwa mkono. Somo moja, milango mitatu. Katika semina ya wiki hiyo alilihubiri kwa upendo wote, tangu Jumatatu, hivi: walimu arobaini, kila mmoja na kijitabu kilekile, maandishi madogo kama sisimizi, wote ukurasa wa tisa, kimya.

Nyuma kabisa aliketi Babu Desimali, mwalimu wa hesabu aliyemfundisha hata Sista mwenyewe. Kijitabu chake kilikuwa hakijafunguliwa. Na Padri, meneja wa shule, alishasema: asiyekabidhi andalio la somo Ijumaa, darasa halipati tena. Babu angepelekwa stoo ya vitabu, akalee panya.

Alhamisi, saa ya chai, Sista alimfuata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kuomba andalio."

"Nitaandika."

"Ulisema hivyo Jumatatu."

"Na wewe ulisema utajua kuzidisha kwa saba Jumatatu. Nikakungoja muhula mzima."

Sista akacheka, akakifungua kijitabu, akamwomba asome mstari mmoja tu. Babu akakisogeza mbali, akakirudisha, akakielekeza dirishani.

"Karatasi za siku hizi hazina wino," akasema.

Sista akakifunga kijitabu. Siku nne alikuwa akiwauliza walimu kama wanamjua mtoto asiyeona ubao. Hakuwa ameuliza ni mwalimu gani haoni kijitabu.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Mwaka juzi. Usimwambie Padri. Mtu wa hesabu asiyeona namba, nani atamwachia watoto?"

Sista alimpa chaki.

Ijumaa Babu Desimali aliandika andalio lake kwenye ubao wa ukumbi, herufi kubwa kama mikate. Somo: sehemu.

"Aliyekwama, mpe chungwa alikate," akaeleza. "Wa katikati achore. Yule mjuaji, mwulize kwa nini nusu ya nusu si sufuri. Atanyamaza kipindi kizima, na wenzake watapumzika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee alikuwa akifanya hivyo miaka thelathini, bila kadi hata moja.

"Karatasi yako iko wapi?" Padri akauliza.

Babu akamtazama Sista, kisha Padri. "Macho yameniaga, Padri. Kichwa bado kipo."

Padri akausoma ubao tena, polepole, mpaka kwenye chungwa.

"Tutakutafutia miwani," akasema. "Darasa ni lako."

Kisha akasimama, akakunja mikono kifuani, akageukia walimu kwa sauti ya mahubiri. Leo, alisema, Sista wetu ametuonyesha fumbo kuu la malezi: kwamba kwa hekima ya kina, alimwacha mzee wetu atembee njia yake mwenyewe, hadi nuru ikamfikia.

Sista alikuwa akikusanya kadi zake.

"Hapana, Padri. Nilikichapa kijitabu kwa herufi ndogo ili karatasi zitoshe."