Kaseti Niliyosema Imeliwa

Binti wa shemeji yangu aliponiomba nimchagulie ampli, mashine ya kukuza sauti, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ningekuwa na moyo safi ningemwuliza kwanza ni ya kazi gani.

Ana kibanda cha kompyuta hapa Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, anapiga chapa barua za watu na kutoa fotokopi kwa umeme wa paneli ya jua. Mama yake namwita shemeji kwa kuwa mume wake na mimi tulikuwa ndugu wa mtaa, si wa damu. Binti mwenyewe ananiita baba mudogo. Ni heshima, na kila akiitamka natamani kuangalia kando.

“Baba mudogo, njo weye unajuaka mashine,” aliniambia. “Nataka ampli ya kuweka juu ya meza, ndogo, ya bei ya chini. Na ile kisanduku wanaita konvertisa, yenye kutoa sauti vizuri ku kompyuta. Ile kaseti ya papa nimeinyoosha yote. Nimeiingiza ku kompyuta na mashine ya kaseti ya kuazima. Inatoa makelele tu, lakini mama anasema anasikia muntu ndani.”

Nikamwambia vizuri, kesho nitapita madukani. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Ndani ya kaseti ile hamna mtu. Nalijua hilo kwa sababu ni mimi niliyempa mama yake.

Wakati wa vita treni ilikuwa haifiki tena Kindu, na mtoni hazikupita meli. Chumvi ilikuja mgongoni mwa watu au juu ya baiskeli za kusukumwa, na ilipimwa kwa kijiko. Mume wa shemeji alikuwa mfanyakazi wa reli asiye na reli. Alikuwa na ampli moja nzito, bafle mbili za kutolea sauti, na mashine ya kaseti. Harusi na matanga ya upande wetu wote yalimtegemea yeye, na mimi nilimbebea nyaya. Alipoamua kwenda Kampene kuchimba dhahabu, aliniachia vyote. “Ni amana,” alisema. “Nikirudi nitaikuta.” Mimi nilikuwa mwalimu nisiye na mshahara, na mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani.

Ampli ile ilitulisha. Kwa betri ya gari iliyochajiwa kwa shida nilipiga nyimbo kwenye matanga, na matanga hayakukosekana. Nililipwa mihogo, mafuta ya mawese, siku nyingine nyama. Sitasingizia njaa peke yake. Nilipenda kuitwa. Nilipenda kiti nilichowekewa na sahani iliyokuja kwangu kabla ya wazee.

Watu waliotengwa na vita walitumiana maneno kwa kaseti. Barua iliweza kusomwa njiani na askari ikakuletea kesi, na wengi hawakujua kuandika. Juu ya kaseti hapakuandikwa jina. Mwenye baiskeli aliileta kwa mtu mwenye mashine, na huyo alisikiliza mwanzo tu, zile salamu, ili ajue amwite nani. Kisha alisimamisha, akaita wenye kaseti, akatoka nje wasikilize. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya kazi. Niliishika adabu hiyo kwa kaseti za watu wote isipokuwa moja.

Ile ilifika ndani ya mfuko wa mchele. Niliiweka, nikasikia sauti ya mwenye ampli mwenyewe akisalimu mke wake na mtoto wake. Hapo nilipaswa kusimamisha. Sikusimamisha, kwa sababu alitaja ampli.

“Mama, ile ampli niliachia ndugu yetu,” alisema, “uende uichukue. Uiuze upate vitu vya njia, ukuje huku na mutoto. Mwenye kuleta kaseti hii anajua njia. Anarudia kisha siku tano. Fuatana naye.”

Nikabonyeza kitufe. Nilikasirika, na leo naona aibu zaidi kwa hasira ile kuliko kwa uongo uliofuata. Mali ilikuwa yake, na nilikasirika kama niliyeibiwa.

Mwenye baiskeli huyu alimjua mume, naye alikuwa amekwisha kumwambia shemeji kwamba kuna kaseti yake kwangu. Alikuja akikimbia, mtoto mgongoni. Nikamwonyesha utepe uliojikunja kama matumbo ya kuku, nikamwambia mashine imeila. Ulikuwa utepe wa kaseti nyingine, kuukuu, iliyokwisha kufutika kwa kupigwa sana. Alinitazama, akasema, “Basi, shemeji, si kosa yako.” Aliuokota utepe wote sakafuni, akauzungusha mkononi polepole usikatike, akaenda nao. Siku tano zikapita. Mwenye baiskeli alimwuliza kama anafuatana naye; yeye akamwuliza ataondokaje bila kujua mume amesema nini, na mtoto bado ananyonya. Mwenye baiskeli alikuwa ameagizwa kuuliza tu, hakujua kilichomo ndani. Akaondoka peke yake, akapeleka jibu fupi: mke hakuja.

Mwaka uliofuata habari ikaja kwa miguu kwamba mume amefariki Kampene kwa ugonjwa. Pamoja na hiyo ikaja nyingine: kwamba alikuwa akisema mke wake alimkataa. Alimwita na hakuja. Kwenye matanga mawifi walimwondoa shemeji kwenye mkeka wa wafiwa. Alisema, “Kaseti iliharibika, mwulizeni mwenye mashine.” Wakanigeukia. Nilikuwa nyuma ya ampli, nafunga waya. Nikasema ni kweli iliharibika, na ni Mungu tu ajuaye ilisema nini. Kisha nikaongeza sauti ya nyimbo.

Tangu siku ile amebaki mke aliyemkataa mume wake. Huu ni mji mdogo. Binti amekulia ndani ya neno hilo, na ukoo wa baba yake haukuja hata alipoolewa.

Kesho yake, baada ya ombi la binti, nilikwenda dukani. Mwenye duka ni mtu wa Kivu Kaskazini, mchangamfu, duka lake limejaa paneli na betri hadi mlangoni. Alinitolea ampli tatu. Ya kwanza ilikuwa na taa za rangi na namba ya wati kubwa kiasi kwamba ingetikisa daraja.

“Papa, hii iko na besi ya nguvu,” alisema. “Na konvertisa iko mule mule ndani. Unalipa mara moja.”

“Namba hiyo ni ya karatasi tu,” nilimwambia. “Nionyeshe kisanduku cha umeme wake.”

Kilikuwa chepesi, kama cha kuchajia simu. Mashine haiwezi kutoa nguvu isiyoingia. Nilimwomba aunge kila moja kwenye bafle zilezile, bila muziki wowote, afungue sauti hadi mwisho. Ndivyo nilivyofundishwa na mwenye ile amana: ampli unaipima kwa kimya chake. Nikaweka sikio kwenye bafle. Yenye taa ilivuma kama mafuta yakikaanga samaki. Ya pili ilivuma kidogo. Ya tatu, ya kijivu, bila taa, yenye kitufe kimoja na kisanduku kizito cha umeme, haikusema kitu. Mwenye duka alidhani imekufa. Tulipoiunga na konvertisa ya peke yake, kisanduku cha ukubwa wa kiberiti chenye waya mwekundu na mweupe, sauti ya mtangazaji kwenye kompyuta yake ilitoka safi hadi tukamsikia anavuta pumzi.

“Bei yake inakaribiana na ile ya taa,” mwenye duka alisema. “Lakini hii haina sura. Ukiipeleka nyumbani watakucheka.”

Nikasema nipe ya taa.

Nilikuwa nimekwisha kuikumbatia, sanduku lake lagusa kidevu changu, ndipo nikajielewa. Ya taa ingevuma. Binti angeweka ile kaseti, angesikia kuvuma juu ya kuvuma, na mimi ningetikisa kichwa kwa huzuni na kusema mashine za siku hizi. Nilikuwa nanunua mashine ya pili ya kusingizia. Mvi zimenijaa, na ujanja wangu ulikuwa uleule.

Nilimrudishia. Nilimwambia anipe ya kijivu na ile konvertisa, nikamjibu vibaya alipouliza sababu, na hakustahili.

Nyumbani niliivuta ampli ya zamani kutoka chini ya kitanda. Imekufa siku nyingi. Nilifungua skurubu nne za kifuniko. Kaseti ilikuwa pale nilipoiweka, kando ya transfoma, imefungwa kwa karatasi ya daftari la shule. Sikuitupa kwa sababu ilikuwa na sauti yake. Sikuisikiliza tena kwa sababu hiyo hiyo.

Mchana nilikwenda kibandani. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitambaa chake cha kwendea kanisani, kama mtu anayengoja mgeni. Mapajani alishika kopo la maziwa ya unga alimohifadhia ule utepe miaka yote. Binti aliunga bafle. Niliunga konvertisa, ampli na ile mashine ya kaseti aliyoazima.

“Shemeji,” nilisema, “hiyo ya kopo si yenyewe. Yenyewe ni hii. Haikuliwa na mashine. Niliificha, kwa sababu alikuambia uje kuichukua ampli.”

Binti alisimama. Mama yake alimshika mkono bila kumtazama, akamketisha. Kisha akaniambia, “Weka.”

Salamu zilitoka. Ampli ilikuwa kimya hivi kwamba nyuma yake tulisikia mvua ya Kampene ikipiga mabati, na binti, ambaye hakuwahi kumsikia baba yake, alifunika mdomo. Sauti ilifika kwenye ampli, kwenye njia, kwenye siku tano. Hapo ndipo niliposimamisha zamani. Mkono wangu ulitaka kwenda kwenye kitufe wenyewe. Nikauweka chini ya paja. Kaseti ikaendelea kwenda mahali ambapo sikuwahi kufika.

“Lakini, mama, sikia. Kama unakuta ampli njo inamupatia kula, ule ndugu yetu na mama yake mugonjwa, umuachie tu. Usigombane naye. Ukuje mikono mitupu. Chakula ya njia, mwenye kaseti nitamulipa mukifika. Ukuje tu. Nakungoja.”

Baada ya hapo ilikuwa mvua peke yake, halafu kaseti ikakata.

Shemeji angekuwa ameondoka siku ile ya tano, na mimi ningebaki na ampli, kwa ruhusa. Ilinitosha kungoja sentensi moja zaidi. Nilianza kusema nitakwenda mwenyewe kwa mawifi zake, na kaseti mkononi, niwaambie wote, na kweli nimekwenda tangu hapo, lakini siku ile maneno hayakuunganika. Binti alikuwa analia. Shemeji hakulia. Alirudisha kifuniko cha kopo lake, akakibana kwa kiganja mpaka kikaingia.

“Shemeji,” aliniuliza, “na ulikula?”

Siku ile kaseti ilipofika nilikuwa nimetoka kwenye matanga. Nilikuwa nimekula nyama.

“Nilikula,” nikamwambia.