Biblia ya Kuapia

Jumanne nilikuwa mahakamani hapa Kampala, nikisubiri kutoa ushahidi wa ajali ya bodaboda. Aliyenitangulia alikuwa mama mmoja, mke wa askari mstaafu, aliyekuja kumtetea mwanawe aliyesimama kizimbani.

"Mkristo au Mwislamu?" karani akamuuliza.

"Mkristo."

Akapewa Biblia nyeusi. Badala ya kuiinua, akajaribu kuifungua. Ikakataa. Maji ya mvua yaliwahi kuingia humo, kurasa zikagandana kama tofali.

"Mama, hiyo si ya kusoma," karani akanong'ona. "Ni ya kuapa tu."

"Ssebo, bwana, mimi naapa na neno ya Mungu," mama akajibu kwa Kiswahili chake cha kambini. "Sasa neno iko wapi?"

Hakimu akatazama saa. Mwana akamwashiria mama yake kwa kichwa aape, yaishe. Mama aliendelea kubandua kwa ukucha mpaka ukurasa mmoja ukaachia. Akasoma mstari mmoja kimya, midomo ikicheza. Ndipo akaiinua, akaapa.

Zamu yangu ilipofika, nilipewa ileile. Niliapa mbiombio, nimeibana kwa vidole vyote isije ikafunguka mbele ya watu.

Wakristo tunasema imani yetu imejengwa juu ya kitabu hicho. Nami ni mzee wa kanisa. Biblia yangu iko juu ya kabati, naiona kila asubuhi nikivaa viatu, na tangu Jumanne naogopa kujaribu kuifungua.