Siku Niliyompima Mama Mkwe

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kupima watu uzito. Niliwapima wao na mizigo yao katika ofisi ya shirika dogo la ndege, ghorofani pale Wandegeya, Kampala, juu ya duka la kuchapisha ambako wanafunzi walipanga foleni tangu asubuhi na karatasi zao mkononi. Mizani yetu ilikuwa ya jukwaa la chuma, ile ya kupimia magunia ya kahawa, yenye uso wa duara kama saa ya ukutani na mshale mmoja mwekundu. Bosi aliinunua kwa mfanyabiashara wa kahawa aliyefunga duka. Harufu ya kahawa haikuitoka hata siku moja, na mvua ikinyesha ilizidi.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya abiria kumi na wawili. Iliruka Jumanne na Ijumaa kwenda mji mmoja mdogo wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mahali ambapo basi hufika baada ya siku mbili wakati wa kiangazi, na mito ikijaa halifiki kabisa. Serikali ililipa sehemu ya nauli ya kila kiti, ili mwalimu, muuguzi, mgonjwa au mama mwenye mtoto aruke kwa bei isiyopita sana ile ya basi. Bila msaada huo safari ingekufa ndani ya mwezi, kwa sababu kule hakuna matajiri wa kujaza hata viti vitatu. Na kwa kuwa kiwanja cha kule ni cha nyasi, tena kifupi, rubani alitaka kujua uzito wa kila kitu kabla hatujawapakia watu kwenye gari letu na kuwapeleka uwanjani, nje ya jiji.

Watu hawapendi kupimwa. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja aliyevua viatu, kisha mkanda, kisha saa, na mwisho akavua miwani, akasimama juu ya mizani bila kuona chochote. Kulikuwa pia na mama wa Kikongo, mfanyabiashara wa vitenge, abiria wetu wa kila Ijumaa. Mzigo wake haukuzidi kamwe kilo kumi na tano zilizoruhusiwa, lakini yeye mwenyewe alivaa vitenge vitano sita kimoja juu ya kingine, akatembea kama pipa lililofundishwa adabu. Mwenzetu wa upande wa kule alinieleza kwamba Jumanne, akiwa anarudi, mama huyo alikuwa amepungua kilo sita. Hilo sikulipeleka kwa bosi. Niliandika uzito wa kila mtu kwenye kikaratasi, nikakikunja, na sikuusoma kwa sauti. Niliona hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Mchumba wangu nilimpata juu ya mizani hiyohiyo. Alikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha ule mji, amekuja Kampala kwa mafunzo. Alipanda bila kuvua kitu, akautazama mshale kabla yangu, akasema, "Wewe umejua uzito wangu kabla ya jina langu. Hiyo ni tabia gani?"

"Basi niambie jina."

"Soma kwenye tiketi."

Nilikuwa nimeshalisoma mara tatu. Tangu siku hiyo, kila aliposafiri nilimwekea chapati ya mayai kutoka kwenye kibanda cha chini ya ngazi, na uzito wa chapati hiyo sikuuandika popote.

Tulipendana kwa Kiswahili. Baba yake alikuwa polisi, akahamishwa kambi hadi kambi mpaka alipofariki, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri, ya matusi na ya sala. Mimi ni Muganda wa Mengo, lakini nilijifunza Kiswahili kwa kucheza mpira na watoto wa kambi ya polisi. Luganda yake ilikuwa mbovu, na lugha ya kwao mimi sikujua hata neno la maji.

Nilipomweleza mama yangu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mtoto wa polisi, sawa. Wa Karamoja, sawa, Mungu ndiye aliyewaumba wote. Ila mama mkwe wako usimguse, usimkaribie, wala usimtazame usoni."

Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hukaa mbali. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hukaa pembeni. Wazee husema anayevunja mwiko huo hutetemeka mikono uzeeni.

"Mjomba wako akishika kikombe, chai yote inaishia kwenye kisahani," mama akasema. "Unadhani ni umri ule?"

Nilicheka. Lakini moyoni sikucheka sana.

Mwaka huo mama wa mchumba wangu alikuja Kampala kwa basi, kumwona mjukuu wake. Mtoto wake wa kwanza ni afande hapa mjini, na mkewe alikuwa amejifungua. Wakati yuko huku mvua zikaanza, mito ikajaa, barabara ikakatika. Mchumba wangu akanipigia simu.

"Mama anarudi Ijumaa, na ndege yenu."

"Yetu?"

"Kwani kuna nyingine?"

Nilipanga mambo yangu vizuri. Katika ofisi tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja wa Bwaise aliyekata tiketi. Tukakubaliana kwamba Ijumaa atapima yeye, na mimi nitashuka kwa wachapishaji nikae huko mpaka gari liondoke. Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilinyesha kama imetumwa. Asubuhi simu ikalia.

"Maji yameingia ndani," yule dada akasema. "Nimesimama juu ya meza na godoro liko kichwani. Leo jikaze mwenyewe."

Kufika saa mbili nilikuwa nimeshapima abiria kumi na mmoja, wakiwemo yule mwalimu mkuu na yule mama wa Kikongo. Nikasikia hatua nzito kwenye ngazi, na sauti ya mwanamke, "Hii ngazi alijenga nani? Alikuwa amelewa?" Afande mwenye sare akaingia na mfuko mkubwa na sufuria jipya, akaviweka chini, akamuaga mama yake, akateremka mbio kuwahi zamu. Kabla mama mwenyewe hajafika mlangoni, nilikuwa nimegeukia ukuta.

"Nani anapima hapa?" akauliza.

"Ni mimi, mama," nikaiambia kalenda.

"Na kwa nini unaongea na ukuta?"

Nilihisi masikio yangu yanawaka. "Mama, mimi ndiye yule... wa binti yako."

"Ooo! Ni wewe! Geuka nikuone."

"Siwezi, mama. Kwetu ni mwiko."

Hapo simu ya mezani ikalia. Alikuwa rubani. "Nipe hesabu ya uzito," akasema. "Mawingu yanapanda kutoka ziwani. Kama hamjafika hapa kwa wakati, leo siruki." Nikamwambia amebaki mtu mmoja tu. Akaniuliza huyo mmoja ana nini, nikamwambia asubiri.

Mwalimu mkuu akajitolea kusoma mizani. Nikamweleza kwamba hairuhusiwi, abiria hasomi uzito wa abiria mwenzake, na sahihi ni lazima iwe yangu. "Miye naweza kusoma," akasema mama wa Kikongo, na watu wote wakacheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Hebu ngoja," mama mkwe akasema. "Kijana, nani alikufundisha huo mwiko?"

"Mama yangu."

"Basi ni mama mzuri. Usimkosee kwa sababu ya ndege. Hapa hakuna shuka?"

Shuka haikuwepo, lakini kitenge hakingekosekana. Mama wa Kikongo alifungua mzigo wake akatoa kimoja cha rangi ya embe chenye michoro ya feni. Akashika pembe moja, mwalimu mkuu akashika nyingine, wakakinyoosha mbele ya jukwaa. Uso wa mizani ulibaki juu ya kitenge, kwa hiyo nikaweza kugeuka na kuutazama. Chini niliona ncha za viatu vyeupe vipya vikipanda, kimoja, halafu kingine. Jukwaa likalia. Mshale ukaruka, ukayumba, ukatulia. Nikaandika.

"Ngapi?" ikauliza sauti nyuma ya kitenge.

"Nimeandika, mama."

"Sijakuuliza kama umeandika. Sema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Sema kama askari!"

Sijui ni nini kilinipata, lakini nilibana visigino nikapaza sauti, "Kilo sabini na tisa!"

Kutoka nyuma ya kitenge kikatoka kigelegele kirefu ambacho nina hakika kilisikika mpaka sokoni. Jukwaa likaanza kugonga sakafu, nikajua anacheza.

"Mmesikia?" akawaambia wenzake. "Sabini na tisa! Mimi niliugua kifua kikuu nikabaki kilo arobaini na sita. Arobaini na sita, na mifupa ikiwa ndani! Majirani walikuja kuniaga, wakanilia, wakala kuku wangu wote. Binti yangu akanibeba mgongoni akaniingiza kwenye ndege hii, nikaja kutibiwa Kampala. Kwa basi ningekufa njiani, wangenizika porini." Akashusha pumzi. "Wale waliokula kuku wangu, leo nawapelekea habari."

Hayo yalitokea kabla sijaanza kazi pale. Mchumba wangu alikuwa amenigusia kwamba mama yake aliwahi kuugua, basi. Nilisimama na kalamu mkononi, natazama michoro ya feni, na macho yakanilowa. Miaka yote hiyo nilikuwa najumlisha kilo kama magunia. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kulilia uzito wake kwa furaha. Abiria walikuwa wanapiga makofi. Mwalimu mkuu alisahau kwamba ameshika kitenge, akapiga makofi naye, pembe yake ikaanguka, na mimi nikarukia ukuta wangu kama mwizi. Wakacheka mpaka mwanafunzi mmoja akapanda kutoka chini kuuliza kuna harusi gani.

Nikajumlisha. Nikajumlisha tena. Tulikuwa tumezidi kilo tano.

"Sufuria libaki," mama mkwe akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Ni la mkwe wangu mwingine. Nitamwambia litakuja."

Mama wa Kikongo akaguna. "Yesu wangu," akasema. "Sufuria haibaki. Geukeni, wanaume."

Mimi nilikuwa tayari nimegeuka. Nyuma yangu nilisikia kitambaa kikifunguliwa, na wanawake wakihesabu kwa pamoja, "Kimoja! Viwili! Vitatu!" Walipofika sita sauti zao zilikuwa zimepasuka kwa kicheko. Vikawekwa juu ya meza yangu, bado vina joto. "Utanitumia Jumanne," akaniambia, "na usinicheke, nilikuwa nasikia baridi." Kile cha rangi ya embe akamfunga mama mkwe kiunoni. "Hiki ni chako. Aliyetoka kwenye kilo arobaini na sita haendi nyumbani na nguo ya zamani."

Nilimpigia rubani, nikampa hesabu, na gari likawangoja chini. Abiria waliteremka mmoja mmoja. Hatua nzito zilipofika mlangoni zikasimama.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Umekonda. Sijakuona, lakini sauti inaonyesha. Kula."

Akaenda zake, akiilaumu ngazi hadi mwisho.

Mchana mchumba wangu alinipigia kutoka kiwanjani kwao, anacheka hata maneno hayatoki. Mama yake alishuka kwenye ndege akataja zile kilo kwa mlinzi wa kiwanja, kwa mwenye pikipiki, kwa padri. Akaacha mizigo njiani akaenda kwanza kwa majirani. "Na wewe amekukubali," akasema. "Anasema kijana anayemwogopa mama yake hatampiga mke."

Kiangazi kilichofuata tulikwenda kujitambulisha rasmi kwa wakwe. Mimi, mama yangu, shangazi na wajomba tulijaza viti vyote, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuruka na ndege ambayo kila wiki niliipakia watu. Mama yangu, aliyeapa kwamba atafumba macho njia nzima, alibandika uso dirishani tangu tulipopaa. Alipoona Nile alinipiga kofi la begani. Alipoona milima alianza kuimba wimbo wa kanisani, wajomba wakaitikia, na rubani akageuka mara moja kututazama, anatabasamu.

Kule tulikalishwa chini ya turubai la buluu. Wazee wakazungumza, soda zikagawiwa, mchumba wangu akatolewa nje amevaa gomesi aliyoletewa na shangazi yangu, na watu wa kwao wakamshangilia. Mama mkwe hakuonekana, kwa heshima ya mwiko wetu. Lakini jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, sauti yake ilikuwa inapanga wapishi kama kikosi: "Wewe, kuni! Wewe, chumvi! Nyama isiungue, wageni wametoka mbali!"

Mama yangu aliinamisha kichwa akasikiliza. "Huyo ni nani?"

"Ndiye mkwe mwenzako."

Akasikiliza tena. Kisha akasimama, akanyoosha gomesi yake, akaiacha soda nusu, akazunguka nyuma ya ukuta. Mama yangu hajui Kiswahili zaidi ya habari na asante, na mwenzake hajui Luganda. Baada ya dakika chache niliwasikia wote wawili wakicheka huko jikoni, na hawakurudi mpaka chakula kilipoiva.