Mashine ya Kukamua Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini sikumhudumia mgonjwa yeyote. Mgonjwa nilikuwa mimi. Msimamizi wa Mafunzo katika kliniki moja ya Louisville, huku Marekani, mama mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alinikabidhi suruali nyeusi ya kubana isiyo na mfuko wala kifungo, akanionyesha pazia. Akasema, "Vaa hiyo, kisha ulale pale kitandani. Hakuna mtu atakayemfunga mgonjwa wangu mikanda kabla hajafungwa yeye."

Ninyi vijana mnaosoma haya mkiwa mmevaa suruali hamtaona tatizo liko wapi. Mimi nilikuwa nimepita miaka hamsini, Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi kule Tanzania, na tangu nibatizwe sikuwahi kutia miguu yangu ndani ya suruali. Kanisani kwetu mwanamke havai suruali, basi. Nilisimama nyuma ya pazia nikamwomba Mungu anielewe, kisha nikavaa, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kiwanda cha kushona vitambaa vya viti vya magari na niliitaka kazi ile mpya kufa na kupona. Nilitoka nikitembea kama kuku aliyenyonyolewa. Msimamizi hakucheka, na nilimpenda kwa hilo.

Mashine yenyewe niieleze, maana hata wanangu huniuliza mpaka leo. Ni kitanda chenye pampu ya hewa, na mikanda mipana yenye mifuko ndani yake, jamaa ya ule mkanda wa mkononi wa kupimia shinikizo la damu, ila hii ni mikubwa. Mmoja hufungwa kwenye shavu la mguu, mwingine chini ya paja, mwingine juu ya paja mpaka kwenye nyonga. Kifuani hubandikwa waya za kusoma mapigo. Moyo ukishapiga na kupumzika, mikanda hujaa hewa kwa mfuatano kutoka chini kwenda juu, ikaikamua damu irudi kuulisha moyo wenyewe. Kabla moyo haujapiga tena, hewa yote huachiwa, na moyo unakuta njia nyepesi mbele yake. Hakuna kisu wala sindano. Mashine haizibui mshipa ulioziba, lakini mgonjwa akilala pale saa moja kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, mara nyingi vijishipa vya pembeni hujifunza kubeba mzigo. Kwa wengine haisaidii, na hilo nalo tuliwaambia mapema.

Wagonjwa wangu wa Kiswahili waliiita mashine ya kukamua miguu, nami sikuwahi kupata jina bora zaidi.

Siku ile Msimamizi alinifunga vizuri mguu wa kulia. Wa kushoto akauwekea mkunjo wa kitambaa nyuma ya goti, makusudi, akawasha. Pampu ikaanza kunguruma, mikanda ikanishika na kuniachia, nikawa naruka pale kitandani kama niko kwenye lori la barabara ya Kibondo. Mguu wa kulia ulikuwa raha mustarehe. Wa kushoto, dakika chache tu, nikaomba azime.

"Umeona?" akasema. "Mkunjo mmoja chini ya mkanda ni kisu. Ndiyo maana mgonjwa anavaa suruali ya kubana. Sasa hutasahau."

Sikusahau. Nilikaa naye mpaka mikono yangu ikajua kubana mkanda bila mimi kuiambia, kisha nikahamishiwa Columbus.

Kliniki ya Columbus ilikuwa Clintonville, mtaa wa miti mingi na wazee wanaotembeza mbwa. Bosi wangu pale alikuwa Muuguzi Mkuu, mwanamume mkimya aliyekula chakula kilekile kila mchana. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma wimbi. Mgonjwa huvishwa kibanio kidoleni, na kwenye kioo cha mashine huonekana vilima viwili kwa kila pigo: cha kwanza ni cha moyo, cha pili ni cha mashine. Kazi yako ni kukiinua kile cha pili.

"Kilima cha pili kikiwa kifupi utafanya nini?" aliniuliza.

"Nitaongeza hewa."

"Hapana. Mfungue, umfunge upya. Hewa ni ya mwisho."

Wiki nzima sikuruhusiwa kugusa kitufe cha hewa. Nilinung'unika kwa Kirundi ili asielewe, lakini yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alinifundisha pia kuwakataa watu: mwenye damu iliyoganda mguuni hafungwi, mwenye vali ya moyo inayovuja sana hafungwi, hata akikulilia. Na alinifundisha kumpeleka kila mgonjwa chooni kwanza, kwa kuwa damu ikisukumwa hivyo figo nazo hupata kazi. Profesa mmoja kutoka upande wa chuo kikuu alinijibu kwamba yeye si mtoto. Katikati ya tiba akanyoosha kidole juu kama mwanafunzi, na tangu siku ile alikuwa akienda mwenyewe bila kukumbushwa.

Nilihamia Buffalo kumfuata binti yangu, na kliniki karibu na Lower West Side ikanichukua haraka, kwa sababu wagonjwa wengi wa mtaa ule walikuwa Wakongo na hapakuwa na mtu wa kuongea nao. Mkubwa wetu alikuwa Daktari wa Moyo, mtu wa maneno machache na yote makali. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Furaha, na nikikumbuka kazi yangu yote, ni yeye anayenijia wa kwanza.

Alikuwa mama wa makamo yangu kutoka milima ya Kivu ya Kusini, mwembamba, amejifunga kitenge mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akitembea hatua chache kifua kilimbana, akasimama. Wapasuaji walikuwa wamekwisha sema mishipa yake ni myembamba mno, hawawezi kuigusa. Daktari aliniambia, "Hii mashine ndiyo iliyobaki. Mwambie hivyo hivyo, usimpambie." Nikamwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kilichomleta, na hakikuwa maumivu ya kifua.

"Bon, mama, sikiliza. Mimi niko nakaa ku binti yangu, kule juu kabisa, etaje ya tatu. Sipandi tena. Bwana ya binti yangu ndiye ananibeba mu mugongo, kushuka na kupanda. Mukwe, mama. Kwetu mu milima, hata kula mbele ya mukwe hatukule. Sasa mimi niko nalala ku mugongo yake sawa mutoto. Kanisa nimeacha. Soko nimeacha. Niko nakaa mu nyumba ili asinibebe."

Nilielewa mara moja. Hata kwetu Burundi mkwe ni mtu wa kuheshimiana kwa mbali. Kumlalia mgongoni, kifua chako juu yake, majirani wa ghorofani wanachungulia, ni jambo la kumfanya mtu atamani kutozaliwa.

Kisha nikamletea suruali ya kubana. Akaitazama kama nimemletea nyoka.

"Donc nitoke mu haya moja, niingie mu ingine? Hapana. Pantalo sivae."

Nilimweleza kwamba hata mimi ni wa kanisa, na nimewahi kuivaa. Akanijibu kwa upole kwamba hiyo ni kati yangu na Mungu wangu. Nikamweleza habari ya mkunjo. Akasema atavumilia. Daktari akakubali kwa shingo upande tujaribu kumzungushia shuka laini miguuni badala ya suruali. Kila siku nililinyoosha lile shuka kama ninatandikia mgeni kitanda, na kila baada ya muda mfupi nilimwuliza kama kuna mahali panamwuma. Kila mara alijibu, "Iko bien, mama, endelea." Wiki ilipokwisha nikakunjua shuka, nikakuta shavu la mguu limechubuka, malengelenge yamepasuka.

"Mbona hukusema?"

"Nilizania ni dawa iko inaingia," akasema. "Dawa ya kweli inauma."

Sikuweza kumkasirikia. Sisi tuliopitia kambini tumelelewa hivyo. Sindano isiyouma tuliishuku kuwa ni maji, na mtu aliyelalamika mbele ya muuguzi alionekana hana adabu. Mzungu angepiga kelele siku ya kwanza na mguu wake ungepona. Mama Furaha alinyamaza kwa heshima, na heshima ile ilikuwa inamnyang'anya tiba yake ya mwisho.

Daktari alitazama mguu, akavua glavu. "Tunasimamisha. Ngozi ikipona, atavaa suruali kama wengine, au nafunga faili lake. Sitaacha mguu wa mgonjwa uoze kwa ajili ya aibu."

"Unipe muda mpaka ngozi ipone," nikasema.

"Wa kufanya nini?"

"Kushona."

Alinitazama kwa namna ambayo ningeweza kuogopa zamani. Lakini nilikuwa nimeogopa watu wa kutisha zaidi yake maishani, na sikuwa tayari kumwona mama yule akirudishwa ghorofani juu ya mgongo wa mkwe wake, akae huko mpaka afe.

Nilikwenda nyumbani na suruali mbili za kliniki nikaziweka mezani, nikakaa nikizitazama. Nilijiuliza ni kitu gani hasa kinachoifanya suruali iwe suruali. Ni pale miguu miwili inapoungana. Nikachukua mkasi nikaondoa mahali pale. Zikabaki soksi mbili ndefu zinazofika juu ya paja. Kwa ajili ya nyonga nikashona mfuko wazi wa kitambaa kilekile, sketi fupi ya kubana, inayoshuka juu ya soksi na kuzishika zisiteremke. Soksi za kwanza ziliporomoka hata kabla sijafika mlangoni. Za pili zilikaa. Kiwanda cha Louisville kilikuwa kimenifundisha mshono bapa, ule ambao dereva hausikii hata akiukalia kutwa.

Nikampelekea Daktari. Akaupapasa mshono ule kwa kidole gumba, mbele na nyuma. "Bado utamchubua," akasema. "Ugeuze uwe nje. Na pasipite mshono wowote nyuma ya goti." Alisema kweli, nikafumua nikashona upya. Nilipozirudisha, mtu yule mkali akavua kiatu, akapandisha suruali yake ya bei, akavuta soksi ya Mama Furaha mguuni mwake, akalala kitandani akaniambia niwashe. Nilimfunga kwa nguvu zangu zote. Alipoinuka akaukagua mguu wake kwenye taa, akasema, "Mlete."

Mama Furaha alizigeuzageuza soksi zile kama mtu anayenunua kitenge sokoni. Akaingiza mkono ndani, akautoa juu, akahakikisha haziungani popote.

"Hii ni soksi," akasema mwishowe. "Na hii ni jipe ya ndani. Soksi hawakukataza."

"Lakini kuna sharti," nikamwambia. "Ukiumwa unasema. Ukinyamaza, nazima mashine, na Daktari anafunga faili."

Aliona haya, lakini akakubali. Siku ya kwanza alisema "hapa" kwa sauti ndogo hata nikamwinamia kumsikia. Nikamfungua, nikamfunga upya. Baadaye alizoea kiasi cha kunikaripia, "Mama, leo umefunga vibaya," nami nilifurahi kuliko siku nilipopewa cheti. Kilima chake cha pili kilianza kifupi, kikawa kinapanda kidogo kidogo. Alianza kutoka kwenye gari mpaka mlangoni bila kusimama. Kisha akaumaliza ukumbi mrefu wa kliniki. Sikumwahidi kitu, kwa sababu nilikuwa nimewaona walioishia hapo.

Tiba ilipokwisha nilimsindikiza nyumbani nikimbebea mfuko wenye soksi zake. Mkwe wake, Eliya, kijana wa kazi za ghala, alikuwa ametuendesha kwa gari, bado amevaa sare yake ya kazi. Tulipofika kwenye ngazi aligeuka na kuchuchumaa chini ya kidato cha kwanza, macho chini, mgongo tayari, kama alivyozoea.

"Mukwe, simama," Mama Furaha akasema.

Eliya akasimama, akasogea ukutani ampishe. Mama akashika mbao ya kujishikilia kando ya ngazi akaanza. Alipanda vidato vichache, akapumzika, akapanda tena. Eliya alimfuata kwa mbali kama inavyompasa mkwe, mikono ameitanguliza kidogo asije akadondoka, bila kumgusa. Kwenye ghorofa ya pili alisimama muda mrefu mpaka mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo. Kisha akaendelea. Alipoushika mlango wa binti yake aligeuka, lakini hakumtazama Eliya usoni.

"Aksanti ya mugongo yako," akamwambia. "Sasa ipumuzike."

Kijana yule alivua kofia akajifunika uso nayo. Ndipo nikajua kwamba naye alikuwa amebeba haya yake muda wote ule, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nilistaafu Buffalo. Soksi zile niliwashonea akina mama wengine kadhaa kabla sijaondoka, na nikamwachia kielelezo msichana aliyenipokea kazi. Mkiniuliza kazi hii ilihitaji nini, nitawaambia ni ukaidi. Mashine ilifanya yake ikiwa mgonjwa amelala vizuri, na kumfanya binadamu alale vizuri kulinigharimu kuliko kujifunza waya zote. Daktari alisema hivyo siku ya kuniaga, kwa maneno machache kama kawaida yake: "Ulikuwa mkaidi. Asante."

Siku hizi Jumapili nyingi, ibada ikiisha, Mama Furaha hunikaribisha chakula. Bado anakaa kule juu, bado anameza vidonge vyake, na bado hupumzika kwenye ghorofa ya pili. Mwenye shida sasa ni mimi, kwa sababu ya magoti yangu. Jumapili iliyopita nilikwama katikati ya ngazi, nimeshika mbao, natafuta pumzi. Nikasikia mlango unafunguliwa juu, na vidato vinalia taratibu vikishuka kuelekea kwangu.

"Unaumwa wapi?" akaniuliza. "Sema, usinyamaze."

Nikamwambia ni goti la kushoto. Akanipa bega lake tukapanda.