Asubuhi Niliyosikia Maua ya Kahawa

Kahawa ikichanua, vijiji vya Old Moshi hunukia utamu mwepesi unaokaribia asmini, wenye ubichi wa majani yaliyolowa. Nilipokuwa mdogo niliijua harufu hiyo kwa kuambiwa tu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, Bibi alisimama mlangoni, akavuta pumzi na kusema, "Leo yamefunguka." Mimi niliyaona maua meupe, nikavuta na mimi, nikapata baridi tupu. Nilidhani watu husema hivyo kwa uzuri wa maneno, kama wanavyosema kanisani kwamba mbinguni kuna barabara ya dhahabu.

Pua yangu ilikuwa imeziba siku zote, na nikiinama mashavu yaliniuma chini ya macho. Hilo hakuna aliyeliita ugonjwa. Kamasi ni za watoto wote. Ugonjwa ulikuwa kifua. Nilikuwa na pumu, na ikinibana kifua kililia mpaka wenzangu shuleni wakaniita Filimbi. "Filimbi, tupigie wimbo," walisema, nami nilitabasamu kwa kuwa sikuwa na pumzi ya kujibu. Vidonge nilimeza, lakini mwaka ule ilizidi, na baba akaamua kwamba ni baridi ya mlima. Shule zikifungwa ningehamia Soweto, mtaa wa Moshi mjini kwenye joto, kwa mama mdogo. Hakuna aliyeniuliza. Nilimtazama Bibi akikamua, nikawaza nani atamshikia ndama nikiondoka.

Siku moja Bibi aliniachia jikoni chungu cha kiburu, ndizi na maharage, akaenda kukata majani ya ng'ombe. "Ukisikia kinaanza kushika, ongeza maji." Nilikaa mlangoni nimeupa moto mgongo, nikisikiliza mfereji ukipita kati ya migomba, mawazo yakienda na maji. Mara Bibi akaja mbio, akautupa mzigo wa majani. Alikuwa ameisikia harufu tangu njiani. Mimi niliyekuwa karibu sikujua lolote. Hakunigombeza. Alichukua ndizi iliyoungua akanisogezea puani, kisha kitunguu, kisha kibatari cha mafuta ya taa.

"Hiki?"

"Hapana, Bibi."

"Na hiki?"

"Hapana."

Akaketi kwenye kigoda. "Kumbe unaishi kama nyumba iliyofungwa madirisha."

Baba aliponipeleka hospitali, Bibi naye akaja, amevaa kitenge chake cha kanisani. Daktari akakisikiliza kifua, Bibi akamwambia, "Daktari, mtazame na pua. Huyu hasikii hata chungu kikiungua." Daktari akanimulika, akaniuliza juu ya mashavu na paji la uso. Akasema nafasi za hewa zilizo ndani ya mifupa ya hapo zimevimba kwa muda mrefu, na kwamba pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Huku juu kukiugua, pumu nayo huwa kali.

"Na baridi?" baba akauliza.

"Baridi yaweza kumchokoza. Lakini mkimhamishia mjini, pua ataenda nayo."

Bibi akakohoa kuficha kicheko. Safari ya Soweto ikasubiri. Nilipewa dawa ya kupuliza puani na nyingine ya kuvuta kifuani, nikaoshwa pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na nikakatazwa kukaa kwenye moshi wa jikoni. Pumu haikuisha, ila ilianza kuniachia siku nyingi za amani. Mvua za vuli zilipopita, asubuhi moja nilitoka nje nikasimama. Hewa ilikuwa na kitu ndani yake.

"Bibi, kuna nini huku nje?"

Alikuja akasimama nyuma yangu, akavuta pumzi. "Maua," akasema. Habari ya Soweto haikutajwa tena.

Sasa kahawa nyingi imeng'olewa, maana bei ilianguka, na baba amepanda mahindi na nyanya. Umebaki mstari mmoja nyuma ya jiko, ambao Bibi alikataza usiguswe. Dawa ya kuvuta bado iko mfukoni mwangu, na pua naiosha. Bibi amezeeka, macho yamefifia, na anasema harufu nazo zimemkimbia. Msimu ukifika hukaa mlangoni, ananiuliza, "Yamefunguka?" Navuta pumzi mpaka chini kabisa, taratibu, kisha ndipo namjibu.