Injinia Emilio na Printa Iliyokataa Laptopu Mpya

Hakuna aliyewahi kuona cheti cha uinjinia cha Emilio, lakini sisi majirani zake wa mtaa wa Hai Mauna tunamwita Injinia, kwa sababu asipoitwa hivyo haitiki. Alirudi Juba kutoka Uganda na kipaji cha kuongea, akanunua printa kubwa ya mabango iliyoachwa na shirika moja lililofunga virago, akafungua duka. Printa yenyewe ni ndefu kama kitanda, na imezeeka kiasi kwamba ilikubali kufanya kazi na kompyuta moja tu, lidude la kijivu lililokuja nayo.

Wateja wakawa wanalicheka lile lidude, na Emilio hawezi kuchekwa. Akaliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaleta laptopu nyembamba, akaiweka mezani ikitazama barabara ili wapita njia waione. Kwamba laptopu haina hata tundu la kuchomekea waya wa printa, Injinia wetu aligundua baadaye, kazi ilipokuja.

Na ilikuja kazi ya maana. Hapa Juba amri ya kumteua mtu ikishasomwa kwenye televisheni, ukoo wake unakimbilia bango la pongezi kabla mwenyewe hajakikalia kiti. Safari hii aliyeteuliwa, kuwa mkurugenzi, ni mzee aitwaye Dau. Alier, mtoto wa kaka yake, akafika dukani na picha.

"Ustaz, Jumapili ni ibada ya shukrani. Bango likikosekana, ukoo mzima umeaibika."

"Mafi mushkila," Emilio akamtoa wasiwasi. "Hakuna shida. Mimi iko injinia."

Basi jina lake lote likawa rehani. Akishindwa, Alier angekwenda duka lingine, na uinjinia ungeishia hapo. Akanunua sokoni kiunganishi cha waya, akachomeka. Printa ikanguruma, ikatema karatasi ndefu iliyojaa herufi zisizosomeka. Emilio akaikagua kwa makini, akatangaza kwamba wino umechoka. Akabadilisha wino. Zikatoka takataka zilezile, ila nyeusi zaidi.

Ijumaa alimeza kiburi, akamwita Jael, Mkenya anayetunza kompyuta za hoteli moja.

"Injinia, shida si wino," Jael akamwambia. "Hii laptopu haina programu ya kuongea na printa ya zamani hivi. Wenye kuitengeneza waliiacha kitambo. Nitakuwekea mfumo wa zamani ndani ya hii mpya, ifanye kazi kama ile uliuza."

"Ya zamani tena? Mimi nanunua mpya, wewe narudisha ya zamani?"

"Sawa, basi nipatie ile yenyewe."

Ile yenyewe bati lake lilikuwa limeshatengenezwa sigiri, jiko la mkaa. Emilio akamsogezea laptopu.

Jael akauweka ule mfumo, akaunganisha mashine zile mbili kwa waya wa mtandao, na ndani ya laptopu ya fahari ukafunguka ule mwonekano wa kizamani ambao Emilio alikuwa akiuonea aibu. Emilio akaigeuza haraka itazame ukuta. Printa ikaguna, na mzee Dau akaanza kutoka polepole, nywele, paji la uso, kisha tabasamu. Nilikuwepo. Bango lilipendeza, na nilichukia kukiri.

Jumamosi Alier hakuja. Emilio akampigia simu.

"Kalas, ustaz, yamekwisha," Alier akasema. "Jana usiku wamesoma amri nyingine. Mzee ameondolewa."

Wala hakuuliza kama bango liko tayari. Emilio alilitundika barazani kwake, si kwa mapenzi, bali watu waone kwamba printa yake imeikubali laptopu. Ukoo ulikuwa umeshatawanyika. Katika mji mzima, Dau akabaki akipongezwa hapo tu.

Wiki iliyofuata mtu mmoja alishuka kwenye bodaboda, akasimama mbele ya bango. Alikuwa Dau mwenyewe, bila gari wala walinzi. Akaingia, akaushika mkono wa Emilio kwa mikono yake miwili.

"Hata watoto wa kaka yangu hawapokei simu zangu," akasema. "Wewe hunijui, na hukunishusha."

Nikangoja Emilio aropoke habari za printa yake, maana mdomo wake haujui kupumzika. Hakuropoka. Alivuta kiti, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Keti, mheshimiwa," akasema.